Ugonjwa Uliopita kama Kigezo cha Kuandikishwa Jeshini: Askari na Wapagazi wa Afrika Mashariki ya Waingereza, 1914–1918

Utangulizi

Swali la nani aliyefaa kuwa askari katika majeshi ya kikoloni ya Afrika Mashariki limejadiliwa mara nyingi kwa kutazama makabila. Maandishi mengi yanaeleza jinsi maofisa wa Kiingereza walivyowagawa watu katika jamii zilizodhaniwa kuwa za kivita, kama vile Wakamba, Wanandi, Wayao na Wanyamwezi, na jamii zilizodhaniwa kuwa za jembe na mzigo. Mjadala huo una manufaa yake. Hata hivyo, umelifunika swali jingine ambalo liliamuliwa kila siku mbele ya daktari wa jeshi: je, mtu aliyewahi kuugua alihesabiwa kuwa pungufu kwa sababu ya ugonjwa wake, au alihesabiwa kuwa bora kwa sababu aliupata akapona?

Kwa mtazamo wa haraka jibu laonekana kuwa jepesi. Jeshi hutaka watu wenye afya, na historia ya maradhi ni kasoro. Lakini katika nchi za joto jibu hilo halikutosha hata kwa madaktari wa wakati ule. Aliyeugua ndui akapona hakuogopwa kuugua tena. Aliyekulia mahali penye malaria aliweza kustahimili homa iliyomwangusha mgeni. Kwa hiyo ugonjwa uliopita ulikuwa na nyuso mbili, na jeshi lilizitumia zote mbili, kila mara kwa kadiri ya haja yake.

Makala haya yanachunguza matumizi hayo katika himaya ya Afrika Mashariki ya Waingereza wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Hoja yake ni kwamba ukaguzi wa afya ulisoma alama za ugonjwa zilizoonekana mwilini lakini haukuuliza historia ya ugonjwa, yaani mtu alikulia wapi na aliwahi kuugua nini. Badala ya historia hiyo likawekwa wazo kwamba Mwafrika, kwa kuwa ni Mwafrika, ana kinga. Wazo hilo lilikuwa na chembe ya ukweli ndani yake, na chembe hiyo ndiyo iliyolifanya liwe la hatari. Makumi ya maelfu ya watu wa nyanda za juu, ambao hawakuwahi kuishi na malaria, walipelekwa katika mabonde ya mto Rufiji na pwani ya kusini kana kwamba walizaliwa huko.

Vita na haja ya watu

Vita vilipoanza mwezi Agosti 1914, King's African Rifles (KAR), jeshi ambalo wenyeji walilizoea kwa jina la Keya, lilikuwa na vikosi vitatu na watu wapatao 2,400, waliotawanyika kutoka Nyasaland hadi mipaka ya kaskazini. Upande wa pili, Schutztruppe ya Wajerumani ilikuwa na askari wapatao 2,500 chini ya Paul von Lettow-Vorbeck. Serikali ya London haikutaka kwanza kuwapa bunduki Waafrika wengi. Ilileta wanajeshi kutoka Uhindi, ambao walishindwa vibaya Tanga mwezi Novemba 1914, kisha ikaleta wanajeshi wa Kizungu kutoka Afrika Kusini, ambao walifika kwa wingi mwanzoni mwa 1916 chini ya Jenerali Jan Smuts.

Yaliyowapata wanajeshi hao yanajulikana. Smuts aliteka sehemu kubwa ya nchi kwa miezi michache, lakini mbu waliliteka jeshi lake. Kikosi cha Tisa cha Waendao kwa Miguu cha Afrika Kusini kilianza mwezi Februari 1916 kikiwa na watu 1,135. Kufikia Oktoba waliobaki wakiwa na nguvu za kupigana walikuwa 116. Kikosi cha Loyal North Lancashire, ambacho kilikuwa miongoni mwa vichache vya Waingereza wenyewe, kiliondolewa kabisa mwaka huohuo kwa sababu ya maradhi. Hadi mwisho wa 1916 wanajeshi wa Kizungu wapatao 12,000 walikuwa wamerudishwa makwao, wengi wao wakiwa wagonjwa wa malaria na kuhara damu. Farasi, nyumbu na ng'ombe wa mizigo nao walikufa kwa maelfu kwa ugonjwa wa nagana uenezwao na mbung'o.

Hasara hizo mbili, ya watu na ya wanyama, zilifungua milango miwili ya uandikishaji. Kwa kuwa Mzungu hakustahimili homa, KAR iliongezwa kwa haraka hadi ikawa na vikosi 22 na askari zaidi ya 30,000 mwishoni mwa vita. Na kwa kuwa mnyama hakustahimili mbung'o, mzigo ulihamia kichwani mwa mtu. Kikosi cha Wapagazi, ambacho kiliundwa mwaka 1914 chini ya ofisa wa utawala Oscar Watkins, kilikua hadi kikawa chombo kikubwa kuliko jeshi lenyewe. Jina lake la Kiingereza, Carrier Corps, lingali hai vinywani mwa watu katika Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi, ingawa wengi wanaonunua bidhaa huko hawana habari na asili yake.

Ikumbukwe kwamba milango yote miwili ilifunguliwa kwa hoja ya kitabibu. Jeshi la Waafrika lilikuwa jibu la malaria kabla ya kuwa jibu la Lettow-Vorbeck.

Mwili wa askari na mwili wa mpagazi

Mtu aliyetaka kuingia KAR alipimwa kimo, kifua, macho na miguu. Kasoro za wazi zilimtoa mara moja: ngiri, matende, busha, kikohozi cha muda mrefu, vidonda visivyopona. Hapa ugonjwa uliopita ulikuwa kasoro pale tu ulipoacha alama. Mtu aliyepoteza vidole vya miguu kwa sababu ya funza hakuweza kwenda mwendo wa kijeshi. Jambo hili halikuwa dogo. Funza ni mdudu mgeni katika Afrika Mashariki. Aliingia katika pwani ya Angola mwaka 1872 kwa meli iliyotoka Brazili, akavuka bara kwa njia za misafara, na kufikia miaka ya 1890 alikuwa amefika pwani ya Bahari ya Hindi. Vijana waliokuwa na umri wa kuandikishwa mwaka 1914 ndio waliokuwa watoto wakati watu wa kwao walikuwa bado hawajajua namna ya kumtoa. Miguu yao ilibeba historia ya msafara wa mdudu huyo.

Buba na donda ndugu viliacha makovu ya namna nyingine, ambayo mkaguzi aliweza kuyapuuza ikiwa mguu ulikunjuka vizuri. Kovu la ndui lilikuwa tofauti na yote. Hilo peke yake lilikuwa alama ya uso isiyomwondolea mtu sifa, bali iliyompa. Lilimwambia daktari kwamba huyu hatauletea ugonjwa huo kambini. Kwa asiye na kovu, chanjo ilifanya kazi hiyohiyo. Kwa hakika, swali la chanjo ya ndui lilikuwa miongoni mwa maswali ya fomu ya kuandikishia askari huko Uingereza kwenyewe, kwa hiyo hapakuwa na ugeni wowote katika kulihesabia jeshi faida ya ugonjwa ulioshindwa.

Bandama ndicho kiungo kilichostahili kuulizwa zaidi. Tangu karne ya kumi na tisa madaktari wa Kiingereza nchini Uhindi walikuwa wakipapasa tumbo chini ya mbavu za kushoto ili kujua ni watu wangapi wa mahali fulani wamewahi kuugua malaria, kwa kuwa bandama huvimba kwa homa za mara kwa mara. Katika ukaguzi wa jeshi alama hiyo ilikuwa na utata. Bandama kubwa ilikuwa hatari kwa askari, maana pigo dogo laweza kuipasua. Lakini pia ilikuwa ushahidi kwamba mwili huo umekwisha kukutana na vimelea. Mtu mzima mwenye kinga kamili, kwa upande wake, mara nyingi hana bandama iliyovimba, naye hafanani kwa kupapaswa na mtu ambaye hajawahi kuumwa na mbu wa malaria hata mara moja, isipokuwa kwamba wanafanana kabisa. Mkono wa daktari haukuweza kuwatenganisha. Ulimi wa mkaguliwa ungeweza, kama angeulizwa kwao ni wapi.

Kwa mpagazi hata mkono huo haukufika kila mara. Kigezo chake kilikuwa kimoja: je, aweza kubeba mzigo wa ratili 50 au 60? Katika miaka miwili ya kwanza uandikishaji ulifanywa kupitia machifu na maofisa wa wilaya, kwanza kwa hiari na baadaye, kwa nguvu za sheria ya 1915, kwa lazima. Chifu alidaiwa idadi ya vichwa. Wale waliokuwa na nguvu, mali au udugu na baraza walipata njia ya kukwepa. Waliobaki walikuwa wanyonge wa kijiji, na mnyonge wa kijiji mara nyingi ndiye mgonjwa wake. Si vigumu kuona matokeo ya utaratibu huo: hesabu iliyotimia ofisini ilikuwa na walegevu wengi njiani.

Mwezi Machi 1917 John Ainsworth, aliyekuwa mkuu wa jimbo la Nyanza, aliteuliwa kusimamia uandikishaji mkubwa kuliko wote, na chini yake ukaguzi wa afya ulikazwa. Donald Savage na J. Forbes Munro, katika makala yao ya 1966, na Geoffrey Hodges katika kitabu chake cha 1986, wameonyesha ukubwa wa zoezi hilo na jinsi maelfu ya waliokusanywa walivyorudishwa makwao kwa kuwa hawakufaa. Kurudishwa huko kumesomwa na baadhi ya waandishi kama ushahidi wa huruma iliyochelewa. Kwa sehemu ni kweli. Lakini kulikuwa pia ni hesabu ya gharama: mpagazi afaye njiani kabla ya kufikisha mzigo alikuwa amekula chakula cha bure. Na ukaguzi uliokazwa ulikazwa kwa kigezo kilekile cha zamani, yaani alama zinazoonekana. Waliokataliwa walikuwa wenye vidonda, vifua vibovu na miguu iliyoharibika. Kijana wa Kikuyu mwenye kifua kipana na miguu mizima, aliyekulia kwenye baridi ya miteremko ya Aberdare, alipita akiwa wa daraja la juu. Kwa upande wa malaria, huyo ndiye aliyekuwa hafai.

Kinga isiyoulizwa kwao

Wazo kwamba aliyeugua zamani ni mali ya jeshi halikuzaliwa Afrika Mashariki. Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Marekani. Mwezi Mei 1898, ilipoingia vitani na Hispania kwa ajili ya Kuba, Bunge la Marekani liliruhusu kuandikwa kwa wanajeshi hadi 10,000 wenye kinga dhidi ya maradhi ya nchi za joto. Lililokuwa likiogopwa ni homa ya manjano, ambayo kwa hakika anayeipata akapona haipati tena. Kwa kanuni ya kitabibu sheria ile ilikuwa sahihi. Katika utekelezaji, hata hivyo, ushahidi wa kuugua haukupatikana kwa urahisi, na badala yake rangi ya ngozi ikakubaliwa kuwa ushahidi. Vikosi vinne kati ya kumi vilivyoundwa vilikuwa vya Wamarekani weusi, ambao wengi wao hawakuwahi kuugua homa ya manjano popote. Historia ya mtu mmojammoja iligeuzwa kuwa sifa ya kabila zima la watu.

Katika Afrika Mashariki elimu ya malaria ilikuwa imesonga mbele zaidi ya hapo. Robert Koch alifanya utafiti Dar es Salaam mwaka 1897 na 1898, na miaka miwili baadaye, huko Guinea Mpya, alionyesha kwamba katika vijiji vyenye malaria vimelea hujaa katika damu ya watoto na hupungua mno kwa watu wazima. Fundisho lake lilikuwa na maneno mawili yasiyotenganika: kinga hupatikana kwa kuugua, na hupatikana mahali. Hakuzaliwa mtu nayo. Wakuu wa jeshi mwaka 1916 walichukua nusu ya fundisho hilo. Walikubali kwamba mwenyeji ana kinga. Walisahau kuuliza mwenyeji wa wapi.

Tofauti ya mahali ilikuwa kubwa. Mtu wa Mombasa, wa Kilwa au wa kando ya Ziwa Viktoria alikuwa ameumwa na mbu wa malaria tangu alipokuwa mgongoni mwa mama yake. Wakikuyu wa miteremko ya juu, Wanandi, na Wakamba wa vilimani waliishi mahali ambapo baridi ilizuia vimelea kukomaa ndani ya mbu. Watu wa nyanda hizo walijua jambo hili bila daktari: kushuka nyikani kulihesabiwa kuwa kushuka kwenye homa, na wafanyabiashara wao walikuwa na desturi ya kutolala huko wakiweza. Ujuzi huo ulikuwa ni historia ya ugonjwa iliyohifadhiwa na jamii nzima, tena kwa lugha ambayo maofisa wa wilaya waliielewa. Haukupata safu katika karatasi za jeshi.

Mwanzoni mwa 1917 mvua kubwa ziliugeuza mto Rufiji kuwa bahari. Majeshi yalikwama, barabara zilizama, na chakula kilifika kwa vichwa vya watu walioko majini hadi kiunoni. Hata wanajeshi wa Nigeria, waliofika Desemba 1916, walikaa kwa njaa katika bonde hilo. Kwa wapagazi njaa na homa vilikuja pamoja na ugonjwa wa tatu, kuhara damu, ambao ndio uliowaua kwa wingi zaidi. Hapa pia historia ilikuwa na la kusema. Watu waliozoea ndizi, kama Waganda, au wimbi, walipewa unga wa mahindi uliosagwa vibaya na kupikwa kwa haraka katika sufuria chache na kuni mbichi. Matumbo yao hayakustahimili. Ukaguzi uliuliza kama tumbo ni zima siku ile. Haukuuliza lilikuwa likila nini.

Pia kuna suala la waliopona. Aliyetoka hospitalini akiwa amepona kuhara damu alihesabiwa kuwa amefaa tena, akapewa nambari yake na mzigo wake. Lakini aina moja ya kuhara damu, ile ya amiba, hujificha tumboni na kurudi mwili unapodhoofika, na baadhi ya malaria hurudi vilevile baada ya miezi. Kwa maradhi hayo neno "amepona" lina maana ya muda tu. Mtu aliyerudishwa safarini baada ya wiki mbili za kitanda hakuwa sawa na mtu mpya, ingawa katika hesabu za kambi wote wawili walikuwa mmoja na mmoja.

Inafaa hapa kulinganisha na Cape Corps, kikosi cha Machotara wa Afrika Kusini kilichopigana Afrika Mashariki kutoka mapema 1916 hadi mwishoni mwa 1917. Kabla ya kupelekwa Misri na Palestina mwaka 1918, askari wake walikaa Kimberley kwa miezi kadhaa wakichunguzwa na kutibiwa malaria waliyoipata Rufiji na Lindi. Kwao ugonjwa uliopita ulikubaliwa kuwa ungali ndani, na vita viliwangoja. Kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba elimu haikuwapo, au kwamba jeshi la Waingereza halikuwa na utaratibu wa kuitumia. Utaratibu ulikuwapo. Mpagazi hakuwamo ndani yake, kwa sababu kumbadilisha kulikuwa rahisi kuliko kumtibu.

Mfano mmoja wa upande wa pili wa himaya hiyohiyo unaonyesha kwamba kulikuwa na njia nyingine. Mwaka 1917 wamisionari wa nyanda za Kikuyu, wakiongozwa na Dkt. John Arthur wa misheni ya Kiskoti, waliunda kikosi cha wapagazi wa kujitolea wapatao 2,000 kutoka shule zao. Watu hao walikuwa wa nyanda zilezile za baridi, bila kinga zaidi ya jirani zao. Vifo vyao vilikuwa vichache sana kwa kulinganisha na vya wapagazi wengine. Daktari aliyekuwa nao aliijua lugha yao, aliwajua mmojammoja kabla ya vita, na alisimamia chakula chao na maji yao. Makala haya hayadai kwamba misheni ilifanya hivyo kwa wema mtupu. Lengo mojawapo lilikuwa kuwaepusha wanafunzi na uandikishaji mbaya zaidi. Hata hivyo kikosi hicho ni kipimo: kinaonyesha ni vifo vingapi vya wengine vilivyotokana na nchi, na ni vingapi vilivyotokana na kutojulikana kwa mtu.

Hesabu rasmi za Waingereza zilitaja vifo vya wapagazi zaidi ya 40,000. Wanahistoria wengi, Hodges akiwamo, wanaona kwamba idadi halisi ilikuwa kubwa zaidi, labda kufikia 100,000, kwa kuwa waliotoroka na wale waliofia njiani wakirudi kwao hawakuandikwa. Waliouawa kwa risasi walikuwa sehemu ndogo mno ya idadi yoyote kati ya hizo.

Wazo baada ya vita

Wazo la kinga ya Mwafrika halikuzikwa pamoja na wapagazi. Katika Vita vya Pili vya Dunia, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyokuwa na askari wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, ilipewa mwaka 1944 kazi ya kuwafukuza Wajapani katika bonde la Kabaw huko Burma wakati wa masika, bonde ambalo sifa yake ya malaria ilikuwa imeenea katika jeshi zima. Dhana kwamba Waafrika wangelistahimili kuliko wengine ilikuwamo katika fikra za wakati ule. Tofauti kubwa na 1917 ni kwamba safari hii askari hawakuachiwa kinga yao ya kudhaniwa. Walipewa vidonge vya mepakrini, na nidhamu ya kuvimeza ilisimamiwa kama nidhamu ya bunduki. Divisheni ilipita bondeni na kufika Kalewa mwezi Desemba.

Miaka kumi baadaye, mwaka 1954, Anthony Allison, mtafiti aliyekulia Kenya, alichapisha ushahidi kwamba watu wenye chembe ya urithi ya selimundu, iliyopatikana kwa mzazi mmoja, hulindwa kwa kiasi dhidi ya malaria kali. Katika uchunguzi wake wa damu alikuta chembe hiyo kwa wingi pwani na kando ya Ziwa Viktoria, na kwa uchache mno katika nyanda za juu. Kwa hiyo hata ile sehemu ya kinga ambayo kweli ni ya kuzaliwa ilifuata ramani ya mbu. Haikufuata mpaka wa rangi, na wala haikuwa mali ya Waafrika wote. Ofisa wa mwaka 1917 hangeweza kuijua selimundu, na si haki kumlaumu kwa hilo. Lakini ramani ya mbu ilikuwa mbele yake, na wenyeji waliisoma kila walipokataa kulala nyikani.

Limebaki suala la waliorudi. Nchi ya Wanandi, kabla ya vita, ilikuwa miongoni mwa sehemu za juu zisizo na malaria ya kudumu, na vijana wake wengi waliandikishwa KAR kwa sifa ya ukakamavu. Walipoachishwa jeshi walirudi wakiwa na vimelea katika damu zao. Mwaka 1918 na 1919 malaria ililipuka Nandi kwa namna ambayo wazee hawakuikumbuka, na wachunguzi wa baadaye wa historia ya ugonjwa huo waliuhusisha mlipuko na kurudi kwa askari kutoka Afrika Mashariki ya Wajerumani. Katika miaka iliyofuata milipuko ilirudi tena na tena. Vijana wa milima ileile waliosimama mbele ya daktari wa jeshi mwaka 1939 walikuwa tayari na historia ya homa ambayo baba zao hawakuwa nayo siku walipokaguliwa na kuambiwa kwamba wamefaa.